Kagueni Vigingi Kwanza

(Hotuba niliyoitoa Dodoma mbele ya vijana wa sarakasi, wazazi na walimu wao, siku ya onyesho la kumaliza mafunzo. Nimeiandika karibu kama nilivyoisema.)

Mheshimiwa mgeni rasmi, viongozi wa kata na mtaa, viongozi wetu wa dini, walimu wenzangu, wazazi, na ninyi vijana mliokaa hapo mbele kwenye mikeka: Mbukwenyi!

Ahsanteni. Hata waliohamia majuzi kutoka Dar es Salaam wameitikia vizuri, nimefurahi.

Nimepewa nusu saa. Huko nje, kati ya ule mbuyu na nguzo ya chuma, waya bado unakazwa. Binti mtakayemwona akipita juu yake amekaa hapa mstari wa kwanza, amevaa fulana ya njano. Waya una urefu wa mita 12, na uko juu kidogo ya mtu mzima aliyenyoosha mkono. Nitasema habari za waya huo, kisha niseme habari za ule mwingine tunaoutaja kila siku kwa mdomo.

Maana siku hizi kila mtu anatembea juu ya kamba. Juzi nilisikia redioni kwamba kiongozi fulani anatembea juu ya kamba nyembamba kati ya makundi mawili. Kesho yake jirani yangu akanieleza habari za mwanawe anayesoma mchana na kukaanga chipsi usiku. Akasema, "Dada, yule mtoto anatembea juu ya kamba." Jana kijana wa bodaboda aliyenibeba akasema hivyohivyo kuhusu mkopo wa pikipiki yake. Watu watatu, kamba moja. Na kila mara kwenye sauti ya msemaji mlikuwa na sifa: tazama anavyoweza!

Nimefundisha michezo na sarakasi kwa zaidi ya miaka 30, na nilipanda kamba mara ya kwanza nikiwa mtoto. Usemi huu naupenda. Ila naona tunautumia nusu nusu. Tunamtazama aliye juu, miguu yake, mikono yake, moyo wake usiotetereka, na hatuulizi kamba imefungwa wapi, wala imefungwa na nani.

Tuanze na mwili. Mnaoweza, naomba msimame. Wazee wangu mkae tu. Inueni mguu mmoja. Vizuri. Sasa fumbeni macho.

Mmeona wenyewe. Fumbueni, mkae. Ule mguu mliousimamia ulikuwa unafanya nini? Kifundo kilikuwa kinacheza kama mguu wa fundi kwenye cherehani. Ndani ya sikio kuna mirija mitatu iliyopinda nusu duara, yenye majimaji. Kichwa kikigeuka, majimaji hayo hubaki nyuma kidogo, na ubongo unapata habari kwamba tumegeuka. Macho nayo huleta habari zake, na nyayo, na maungio ya miguu. Ukifumba macho umemwondoa shahidi mmoja barazani, na waliobaki peke yao hawatoshi.

Kwa hiyo mtu aliye juu ya kamba hajatulia. Anaanguka kushoto anajirudisha, anaanguka kulia anajirudisha, tena na tena mpaka afike ng'ambo. Sisi tulio chini tunaona utulivu kwa sababu anajirudisha mapema, kabla anguko halijakua. Ndiyo maana sipendi kiongozi asiyetaka kuamua jambo asemwe kwamba anatembea juu ya kamba. Huko ni kumsingizia mtembeaji. Asiyeamua yuko chini kivulini. Juu ya kamba kila hatua ni uamuzi, na hakuna anayekufanyia.

Na ule mti mrefu anaoushika mikononi? Wengi hudhani ni wa kuegemea. Kina mama wa Chamwino na Bahi wanajua kazi yake bila kufundishwa na mtu. Jitwike mzigo wa kuni ndefu, halafu mtu akuite kwa nyuma ugeuke ghafla. Shingo inataka kugeuka, kuni zinakataa. Kitu kirefu chenye uzito kwenye ncha zake ni kigumu kuzungusha. Mtembeaji anapoanza kupinduka, mti unakuwa mzito wa kupinduka pamoja naye, na katika kusitasita huko anapata nafasi ya kujirekebisha. Ncha zake zikiinama, uzito wa mtu na mti kwa pamoja unashuka kuisogelea kamba, naye anazidi kuimarika. Mfaransa Philippe Petit, nitakayemtaja tena, alitumia mti wa mita 8 wenye uzito wa kilo 25. Fikirini kubeba nusu gunia la saruji huku unapita mahali penye upana wa kidole. Lakini kilo hizo zilimpa muda. Mti haumzuii mtu kuanguka, unamwongezea muda wa kujirudisha. Vijana, lishikeni neno hilo: muda. Nitalirudia nikifika sokoni.

Sasa tutoke kwa mtu, twende kwenye kamba yenyewe.

Kamba ndefu ina tabia mbaya. Hata uikaze namna gani, katikati inabonyea, inapepea pembeni, inatetemeka kila unyayo unapotua. Mtu hodari namna gani hawezi kupatana na kamba inayokimbia chini yake. Kwa hiyo hufungwa kamba nyingine ndogondogo, kutoka kwenye ile kubwa hadi ardhini, upande huu na upande huu. Mmeziona kwenye nguzo za umeme zilizo kwenye kona: waya mmoja unashuka kwa mshazari hadi chini, na mbuzi hupenda kujikuna hapo. Mafundi huuita stei. Vijana wetu wamelichukua jina hilohilo, nami nitalitumia.

Tarehe 30 Juni 1859, Mfaransa aliyejulikana kwa jina la Blondin, jina lake halisi Jean François Gravelet, alivuka korongo la mto Niagara, mpakani mwa Marekani na Kanada, juu ya kamba ya katani yenye urefu wa zaidi ya mita 300. Maji yalikuwa chini yake karibu mita 50. Alirudi pale mara nyingi. Alivuka amefungwa kitambaa machoni. Alivuka akisukuma toroli. Alikaa katikati akapika mayai. Na Agosti ya mwaka huohuo alivuka amembeba mgongoni meneja wake, Harry Colcord. Hayo ndiyo yanayosimuliwa. Yasiyosimuliwa ni kwamba kila baada ya mita 6 hivi palikuwa na stei inayokwenda kufungwa kwenye nguzo ukingoni, hata walioona walifananisha na utando wa buibui. Ni sehemu ya katikati tu, kama mita 15 hivi, ambayo haikufungika kwa namna yoyote, kwa sababu ilikuwa mbali na kingo zote mbili. Pale alikuwa yeye na mti wake. Nasi tunahadithia kana kwamba safari nzima ilikuwa kama zile mita 15.

Blondin hakufia kambani. Alifariki mwaka 1897 jijini London kwa ugonjwa wa kisukari, akiwa na zaidi ya miaka 70. Wazazi wenye hofu, hilo liwekeni akilini.

Nije kwa Petit. Tarehe 7 Agosti 1974, asubuhi, watu wa New York waliinua macho wakaona mtu anatembea hewani kati ya minara miwili ya World Trade Center, kiasi cha mita 400 kutoka ardhini. Alikaa juu kama dakika 45. Alipita mara nane, akapiga goti, akalala chali juu ya waya. Hakuwa na kibali, na alipotoka polisi walimchukua. Mwishowe mashtaka yalifutwa kwa sharti kwamba awaonyeshe watoto sanaa yake bila malipo. Hukumu hiyo naipenda sana.

Lakini ngojeni niwaambie usiku wa kuamkia siku ile. Petit na wenzake walijificha juu ya majengo hayo. Kwenye mnara mmoja alikuwepo rafiki mwenye upinde. Alirusha mshale uliofungwa uzi wa kuvulia samaki, ukavuka hadi mnara wa pili. Gizani wakautafuta uzi ule kwa kupapasa. Uzi ukavuta kamba nyembamba, kamba nyembamba ikavuta nene, na ile nene ikavuta waya wa chuma wa kama kilo 200. Waya uliwaponyoka ukashuka katikati ya minara kwa uzito wake, wakauvuta kwa mikono kwa masaa. Kulikucha wakiwa bado wanakaza stei. Dakika 45 za mtu mmoja, usiku mzima wa wengi, na kabla ya hapo miaka ya kupanga. Ulimwengu unalijua jina la aliyetembea. Mtu aliyerusha mshale anaitwa Jean-Louis Blondeau. Nalitaja hapa Dodoma leo kwa makusudi.

Huko Korea wana sanaa ya kamba iitwayo Jultagi, ambayo mwaka 2011 UNESCO iliiweka kwenye orodha ya urithi wa utamaduni wa binadamu. Aliye juu anatembea huku ameshika kipepeo cha kujipepea, anaimba, anatania. Chini yupo mwenzake anayejibizana naye, na wapigaji muziki wanafuata hatua zake. Nilipoona picha zake nilikumbuka ngoma yetu ya muheme. Mama anayepiga ngoma kubwa hachezi peke yake. Anaposhika pumzi, mwingine anaendeleza, na watazamaji ni sehemu ya mchezo. Sanaa ya kamba kwa Wakorea ina watu wa chini na watu wa juu, na wote wanahesabiwa kuwa wachezaji.

Sasa nifike kwa Karl Wallenda, na hapa nitakaa kidogo.

Alizaliwa Ujerumani mwaka 1905. Familia yake ilipata jina duniani kote kwa kujenga piramidi ya watu juu ya waya, bila wavu chini. Tarehe 30 Januari 1962, mjini Detroit, piramidi ya watu saba ilibomoka. Wawili walikufa, na mwanawe Mario akapooza. Karl aliendelea. Tarehe 22 Machi 1978, akiwa na miaka 73, alipanda waya uliofungwa kati ya minara miwili ya hoteli mjini San Juan, Puerto Rico, mita 37 hivi kutoka chini. Upepo ulikuwa mkali. Ipo filamu ya siku ile, na mimi nimeitazama mara moja, sitaitazama tena. Anajaribu kuchuchumaa, anajaribu kuukamata waya, waya unamkimbia.

Watu walisema uzee. Watu walisema upepo. Upepo sisi tunaujua, huu wetu wa Julai hadi Septemba unaong'oa mabati na kutujaza vumbi mpaka kwenye ugali. Lakini mzee yule alikuwa amepita kwenye upepo maisha yake yote. Familia yake ilisema sababu ya kuanguka kwake ilikuwa stei: hazikufungwa sawasawa. Wahenga walisema kamba hukatikia pabovu. Waya wa Karl haukukatika, ila ulikuwa na pabovu pake, na pabovu hapo hapakuwa miguuni kwake.

Nasema haya kwa sababu nami nina langu.

Mwaka 1981 nilikuwa na miaka 14. Mwalimu wetu wa sarakasi alikuwa amefundishwa na mmoja wa wale vijana wa Kitanzania waliopelekwa China mwaka 1965 kujifunza fani hii, wakarudi 1969 na kuanzisha kikundi cha sarakasi cha taifa. Alikuwa mkali. Kila kigingi alikipiga teke kabla hatujapanda. Siku hiyo hakuwepo, alikuwa na msiba. Tulikuwa tunaonyesha kijijini, kwenye udongo mweusi wa mbuga, na mnaujua udongo ule: kiangazi unapasuka nyufa za kuingiza mkono, mvua ya kwanza ikinyesha unavimba na kulainika kama uji. Vigingi vilipigiliwa wakati wa ukavu. Usiku mvua ikanyesha kidogo. Asubuhi mtu mzima mmoja aliyekuwa akisimamia shughuli alikuja mbio akisema mgeni rasmi amefika, watoto waingie, tusimwaibishe mkubwa. Mwenzangu mmoja alisema kigingi cha upande wa jua kinacheza. Aliambiwa anyamaze.

Nilifika katikati. Nilisikia kamba imelegea chini ya unyayo kabla sijaona kitu, kama mtu amevuta mkeka. Nilivunjika kifundo cha mkono wa kushoto, na mpaka leo baridi ya Juni ikija kinanikumbusha. Kilichoniuma zaidi ni maneno niliyoyasikia nikiwa nimelala pale chini: "Alitazama chini huyo. Aliogopa." Sikutazama chini. Miaka mingi nilibeba lawama ile mpaka nikaanza kuamini kwamba kweli niliogopa. Nilikuwa mtu mzima, nafundisha wanafunzi wangu kupiga vigingi, siku moja nikasimama na nyundo mkononi nikasema kwa sauti: kilikuwa kigingi.

Waheshimiwa, hicho ndicho ninachotaka kukisema kuhusu usemi wetu. Tukiona mtu ameanguka, kitu cha kwanza tunachokagua ni moyo wake. Tunasema hakuwa makini, hakujua kupanga maisha. Cha mwisho kukaguliwa ni kigingi, na mara nyingi hatufiki huko.

Habari hii ni ya zamani kuliko sisi. Katika maandishi ya kale ya Roma inasimuliwa kwamba mfalme Marcus Aurelius, aliyetawala kuanzia mwaka 161 hadi 180, aliona mtoto mcheza kamba ameanguka, akaagiza tangu hapo magodoro yatandikwe chini ya wachezaji wa kamba. Mwandishi anaongeza kwamba ndiyo asili ya wavu unaotandazwa. Mtawala hakutoa hotuba kuhusu ujasiri wa watoto. Alitandika magodoro.

Na msidhani kwamba hekima hii iko Roma na New York tu. Hapa petu mvua ni kiasi cha milimita 570 kwa mwaka, inaanza Desemba, Aprili imekwisha, na katikati yake inaweza kunyamaza wiki tatu mtama ukiwa umefika magotini. Mkulima wa Kigogo amekuwa juu ya kamba tangu zamani, na hakuchagua kupanda. Sasa stei zake zilikuwa zipi? Bibi yangu alinihesabia. Hupandi mbegu moja: unapanda uwele na mtama, na karanga na njugu pembeni. Hulimi mahali pamoja, unalima bondeni na mlimani. Na ng'ombe wako huwaweki wote kwenye zizi lako. Watatu wako kwa rafiki, wawili kwa shemeji, kijiji cha mbali ambako mvua huenda ikanyesha wakati kwako imekataa. Nao wana wao kwako. Mgeni akipita zizini hajui nani ni wa nani. Ugonjwa ukija hapa, kule wamebaki. Njaa ikija hapa, kule unakwenda kwa miguu na hawawezi kukunyima. Huo ni utando wa buibui kama wa Blondin, umefungwa kwa ng'ombe na kwa undugu.

Bibi alikuwa mtoto mdogo wakati wa Mtunya, njaa kubwa iliyowapiga Wagogo mwishoni mwa Vita ya Kwanza ya Dunia, miaka ya 1918 hadi 1920. Vitabu huanza kwa kusema mvua ilikosa. Bibi hakuanza na mvua. Alianza na majeshi: Wajerumani walichukua ng'ombe na nafaka, wakachukua wanaume kuwa wapagazi, kisha Waingereza wakaja wakachukua pia. Stei zilikatwa moja moja. Mvua ilipokosa, iliwakuta watu juu ya kamba tupu. Ukame walikuwa wameshauona kabla, na baadaye waliuona tena. Tofauti ilikuwa kwenye vigingi.

Naomba mnivumilie, sasa ninafika sokoni.

Pale Sabasaba yupo mama anayepika wali na maharage. Simtaji. Anaamka saa tisa usiku. Alikopa, kwa sababu mtoto aliugua, kwenye ile mikopo ambayo sote tunaijua kwa jina la kausha damu. Marejesho ni ya kila siku, mvua iwepo isiwepo, wateja waje wasije. Wenzake wanamsifu: mama yule anatembea juu ya kamba, na hajaanguka! Nami nilimsifu hivyo. Kisha nikakumbuka ule mti wa mita 8 na kazi yake. Anguko haliui mtu kama amepewa muda wa kujirudisha. Rejesho la kila siku linamnyang'anya muda huo. Ni mti wa mizani unaokatwa kipande kila jioni, mpaka anabaki ameshika kijiti. Jioni moja akikosa, watu wanakuja kubeba masufuria, na siku hiyo majirani watasema hakujua kupanga biashara.

Stei ya kweli inafanana na kikoba cha wanawake 20 wanaojuana, ambacho mmoja akifiwa wenzake wanasema, wewe lete mwezi ujao. Inafanana na ng'ombe watatu kwa shemeji. Na wale waliohama na serikali kuja hapa tangu mwaka 2016, wengi wao waliacha stei zao Dar es Salaam: mama mzazi wa kulea mtoto, jirani wa miaka 20, duka linalokopesha mpaka mwisho wa mwezi. Ninafundisha watoto wao, ninawaona wazazi wakija kuwachukua saa moja usiku, macho mekundu. Kuna treni ya umeme sasa, Dar ni masaa machache, nashukuru. Lakini treni haikai na mtoto mwenye homa. Wenyeji, tusiwatazame wageni hawa kama watu wenye mishahara tu. Wafungieni stei. Wengine wenu mmeshaanza, nimeona.

Ndugu zetu Waislamu wanatufundisha habari za Sirati, njia nyembamba kuliko unywele na kali kuliko upanga, ambayo kila mtu ataipita kwa matendo yake mwenyewe. Hiyo ni ya Mungu, na pale hakuna wa kukushikia. Ya hapa duniani ni yetu. Hizi kamba za duniani zimefungwa na watu, na kilichofungwa na mtu kinaweza kukaguliwa na mtu, kikashushwa, kikatandikiwa godoro.

Sisemi kamba ziondolewe. Nimeipenda kamba maisha yangu yote. Ipo furaha moja ambayo sijaipata mahali pengine: unapokazia macho ile alama ng'ambo, nyayo zinajua njia zenyewe, na watu chini wameshika pumzi kwa ajili yako. Kijana aliyewahi kuipata atasimama wima maisha yake yote. Ndiyo maana nataka binti zetu wapande. Mama wa huyu binti wa fulana ya njano alinifuata mwezi wa tatu akaniuliza, "Mwalimu, ana uhakika?" Nikamwambia njoo ukague mwenyewe. Alikuja kila Jumamosi. Sasa anajua kukaza stei kuliko baadhi ya vijana wangu, na akiona waya una sauti mbaya anasema.

Vijana, kuna mambo mawili kwenu. Mtu akisema kigingi kinacheza, hata awe mdogo kuliko wote, onyesho linasimama. Halafu, mkishangiliwa, nyoosheni mkono kwa waliokaza. Majina yao yasomwe kwanza, kabla ya lenu. Nimeshamwambia msema chochote, mshereheshaji wetu.

Mheshimiwa mgeni rasmi, ombi langu kwako ni dogo. Magodoro yetu ni mawili na yamechakaa, tunahitaji sita. Sikuombi ahadi hadharani. Naomba ukitoka hapa uyatazame kwa macho yako, uyakanyage, ujue yakoje.

Na jingine. Ratiba inasema onyesho ni saa nane kamili, na sasa ni saa nane kasoro dakika tano. Usiku wa kuamkia jana kulikuwa na manyunyu. Mwalimu mwenzangu ameniambia asubuhi kwamba kigingi cha nne, upande wa mbuyu, hakimridhishi. Nimemweleza mgeni rasmi kwamba tutachelewa kama dakika 20, naye amesema atasubiri, hata 40. Mzee, ahsante sana. Hujui umenifanyia nini.

Sasa nahitaji wanaume wanne wa kushika nyundo kwa zamu, na mama yeyote anayejua kukaza kamba ya mzigo. Tufuatane nje. Binti, wewe kaa kwanza hapo, kunywa maji.